Mdomo Mmoja, Matundu Manane

Mfyuuu! Jamani nisikilizeni, maana hili nikikaa nalo peke yangu litanipasua kifua. Mwezi wa kumi uliopita, jua likizama, kijana wa mtaa wetu alipita mbele ya benchi letu amekumbatia boksi. Amelifunika kwa kitenge cha mama yake. Anatembea kando ya barabara taratibu, hatua moja moja, kama baba anayetoka maternité na kifungua mimba. Malori yanapiga honi, hageuki. Vumbi linapanda, analikinga boksi kwa mgongo wake. Mmoja wetu akavua kofia kabisa, asijue kama kijana ni wa kupongezwa au wa kupewa pole.

Kumbe carte son! Ile ya kurekodia muziki. Vijana wa huku wanaiita hivyo kwa Kifaransa, madereva wa Dar es Salaam wanaiita saundi kadi, na wenye kuvisoma vijitabu vyake wanasema intafesi. Mimi naiita kijisanduku, na msinidai zaidi.

Kwa asiyetufahamu, sisi wa Sakania ni watu wa mpakani, Kongo upande huu, Zambia upande ule. Reli ya kutoka kusini ilitufikia mwaka 1909, ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka uliofuata. Ndiyo kusema tangu enzi hizo kila kizuri na kila upuuzi hupita kwetu kwanza, halafu wenzetu wa mjini wanajidai wameuvumbua wao. Kinshasa wana parlement debout, bunge la watu wanaobishana wima mbele ya magazeti. Letu ni la kukaa. Benchi ni la mbao za kreti, liko chini ya mwembe, linatazamana na foleni ya malori, na dereva anayesubiri karatasi za mpaka hana pa kukimbilia. Wabunge wa kigeni hatukosi.

Siku hiyo mbunge wa kigeni alikuwa dereva wa Dar, siku yake ya nne kwenye foleni, ameshakuwa mwenyeji kiasi cha kukopa kinywaji chetu cha munkoyo. Akamwita kijana: “Hebu tuone, una nini hapo?”

“Ni carte son, yaya. Niliuza iyi jana ku Ndola.”

“Umeiuza? Mbona unayo mkononi?”

“Njo iyi niliuza!”

“Uliuza bei gani?”

“Madola mia mbili na makumi tano.”

“Enhe. Na hela ziko wapi?”

“Nilipatia mwenye duka.”

Dereva akanigeukia mimi, macho yamemtoka. “Mzee, huyu kijana ameuza kitu, hela kampa mnunuzi, na mzigo kaondoka nao. Hii ndiyo biashara ya Kongo?”

Ee Mungu wangu. Ikabidi niingilie kati kama mkalimani wa Umoja wa Mataifa. Nikamweleza kwamba kwetu Katanga kuuza ni kununua, na yule anayetoa mali ndiye anayeuzisha. Dereva akashika kichwa. “Kumbe! Ndiyo maana tangu juzi mama wa maandazi ananiambia, ‘Baba, uza,’ nami namjibu sina cha kuuza!” Siku tatu mtu amelala njaa kwa ajili ya sarufi.

Lakini si lugha iliyoniudhi. Lililonipandisha presha ni boksi lenyewe lilipofunguliwa. Kijana akaondoa kitenge, akaondoa sponji, akaondoa nailoni kwa ncha za vidole, na uso wa kile kitu ukatutazama. Matundu. Nikahesabu. Nikarudia kwa kidole, maana macho ya uzee huongeza. Matundu manane mbele!

“Mwanangu, una maiki ngapi?”

“Moja, vieux.”

“Gitaa?”

“Ya kuazima.”

“Waimbaji?”

“Ni mimi.”

Aka! Mdomo mmoja, matundu manane. Sasa hayo saba ni ya nani, ya wajomba? Mtu hana hata baiskeli, ananunua karakana ya malori. Na nyinyi mnaosoma msicheke sana, kwa sababu kila mtaa una wake. Kuna aliyenunua sufuria ya harusi akapikia bukari ya mtu mmoja. Kuna aliyenunua friji kabla ya nguzo ya umeme kufika kwao, akawa anatunzia viatu.

Kwa wasiojua kazi ya kijisanduku, ni ofisi ya forodha ya sauti. Unaimba, maiki inaigeuza pumzi yako kuwa umeme mdogo mno, dhaifu kama ahadi ya mgombea. Kijisanduku kinaukuza ule umeme, kinaugeuza kuwa namba, kinazipitisha kwenye waya wa USB mpaka ndani ya kompyuta. Ukitaka kujisikiliza, namba zinarudi njia ile ile, zinageuzwa tena kuwa umeme, unasikia kwenye hedifoni. Basi! Kinapokea upande huu, kinapima, kinagonga muhuri, kinatoa upande ule. Na sisi wa mpakani tunajua: unga wenye fukusi haupati nafuu kwa kugongewa muhuri.

Ila hawa wenye viwanda nao, eeh, wana maneno. Kuna mashine moja maarufu ya Focusrite wameiita 18i20, maana yake milango kumi na minane ya kuingilia na ishirini ya kutokea. Kijana ananunua kwa namba hiyo, anafika nyumbani anatafuta matundu kumi na manane, anapata ya maiki manane. Mengine? Manane yanapita kwa waya wa mwanga unaotaka mashine nyingine ya pili, mawili ni ya waya wa kidijitali. Ni kama mwenye nyumba anayekutangazia vyumba kumi na vinane, kumi kati yake viko kwa jirani.

Na ukoo wanavyoujua sasa! Muulize kijana huyu jina la baba wa babu yake, ataangalia miguu yake. Muulize habari za Scarlett, ile nyekundu ndogo ya kampuni hiyo hiyo. Atakutajia nasaba yote bila kumeza mate: kizazi cha kwanza 2011, cha pili 2016, cha tatu 2019, cha nne 2023. Atakwambia kampuni yenyewe ilianzishwa na Rupert Neve mwaka 1985, na mitambo yake ya mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya studio za AIR za George Martin, yule aliyewarekodi Beatles. Anayasema haya amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwenye chumba ambacho mlango wake ni pazia.

Siku ya pili akarudi benchini amenywea. “Vieux, ordinatere inaikatala. Inakosa pilote.”

Mzee mmoja wa reli, aliyestaafu na sikio moja, akaruka: “Kumbe inaruka?”

“Kwetu tunaita draiva,” akasema yule wa Dar. Halafu akajisikia yeye mwenyewe, akasimama, akavuta suruali juu. “Kama ni dereva, mimi hapa. Na leseni ninayo.”

Tulicheka mpaka mama wa maandazi akaja kuuliza nani amekufa. Lakini kijana hakucheka. Hiyo pilote ni programu ndogo inayoitambulisha mashine kwa kompyuta, na kompyuta yake ni ya Windows ya zamani ambayo hata mwenye duka angeikana mahakamani. Akanunua mega za simu ili aivute mtandaoni, zikaisha programu iko nusu. Akanunua tena. Zikaisha tena. Nakwambieni, hakuna aliyemuuliza dukani, naye hakuuliza: mashine yako nyumbani ni ipi, ina umri gani, ina tundu gani la USB? Watu wanaulizana zaidi wakinunua mbuzi. Mbuzi unamfunua mdomo, unahesabu meno, unamtembeza. Boksi la dola mia mbili na hamsini unalichukua likiwa na nailoni yake, kwa heshima!

Ilipopatikana pilote, likaja la mzimu. Mbele ya boksi kuna kitufe kimeandikwa 48V, na kijitabu cha Kifaransa kinakiita alimentation fantôme. Mama mmoja wa kwaya ya parokia, aliyeitwa aje kujaribiwa sauti, akauliza maana yake. Kijana, kwa kujionyesha, akamtafsiria: “Ni umeme wa mzimu, mama.” Yule mama alifanya ishara ya msalaba, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Sisi ni watu wa Wasalesiani, hatuchezi na hayo. Na ukweli wenyewe ni mwepesi kabisa: ni volti 48 zinazopanda kupitia waya ule ule wa maiki kwenda kuiamsha maiki ya aina ya kondensa, ambayo bila umeme huo ni chuma tu. Maiki ya dainamiki, kama ile SM58 inayong'atwa na kila mwimbaji wa baa tangu 1966, haiuhitaji. Angesema tu ni chakula cha maiki, tungekuwa na soprano.

Hapa nivute pumzi niwakumbushe jambo, maana vijana wanadhani muziki wa Katanga ulianza na USB. Mwaka 1952, pale Jadotville, mnapopaita Likasi leo, alikuwepo kijana anaitwa Jean-Bosco Mwenda, mwenye gitaa moja lisilo na umeme. Akapita Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na gari lake la kurekodia. Jenereta analiweka mbali na waya mrefu ili muungurumo usiingie, maiki anaishika kwa mkono wake, anaisogeza mwenyewe karibu na mdomo, karibu na nyuzi. Tundu moja. Moja! Hapo ndipo ilipotoka “Masanga”, na mpaka leo kuna wazungu wapiga gitaa wanavunjika vidole kuutafuta ule mchezo wa dole gumba na shahada. Mwenda baadaye akaitwa mpaka Nairobi, akawa anaitangaza Aspro redioni, dawa ya kichwa. Mambo yamegeuka. Siku hizi mwanamuziki yuko chumbani, na anayehitaji Aspro ni jirani yake.

Nilipomsimulia kijana, akanijibu nini? “Vieux, ile ilikuwa mono.” Jamani! Nikafyonza mpaka meno ya bandia yakahama.

Sikilizeni hii nyingine. Boksi lake lina uwezo wa kurekodi kwa kilohezi 192, naye akaiweka hapo hapo, juu kabisa, maana kitu chochote chenye namba kubwa kijana wa leo hawezi kukiacha. Sikio la binadamu, lile zima la mtoto, linafika kilohezi 20 hivi. Santuri ya CD iliwekwa 44.1 tangu ianze kuuzwa mwaka 1982, na hesabu yake ni rahisi: gawa kwa mbili, unapata sauti ya juu kabisa inayoweza kushikwa, ishirini na mbili na kitu. Inatosha, inabaki. Ukiweka 192 unarekodi mpaka 96. Nani atasikia? Labda popo. Nikamwambia aende ng'ambo ya mpaka, Kasanka, kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba popo wanajaa kule kwa mamilioni, akawauzie kaseti. Halafu nikajirudi mwenyewe, kwa sababu hata hao ni popo wa matunda, usiku wanatumia macho na pua kama walinzi, wala hawana ile sauti ya juu ya popo wadogo. Kwa hiyo hata popo hana haja nayo!

Lakini kompyuta ndiyo iliyolia. Dakika moja ya maiki moja kwa biti 24 na kilohezi 44.1 inakula kama megabaiti 8. Kwa 192 inakula karibu 35. Wimbo mmoja, sauti yake moja aliyoirudia mara kumi na tano mpaka aridhike, diski ikajaa, picha za ubatizo wa mdogo wake zikafutwa ili kupata nafasi. Mama yao hajajua. Nawaomba na nyinyi msimwambie.

Na wimbo huo ulipokamilika ulikwenda wapi? Kwenye WhatsApp, ukabanwa na kukamuliwa kama muhogo wa kuondoa sumu, ukapigwa na dereva wa pikipiki kwenye kispika chake cha bluetooth chenye ufa, katikati ya malori. Namba 192 ilifia pale kwenye kona ya stesheni, bila kilio.

Niseme na za milisekunde? Nitasema kidogo tu, zinanichosha. Ukiimba huku unajisikiliza kupitia kompyuta, sauti inachelewa kurudi, kama simu ya zamani ya Ulaya. Vijana wanabishana hapa mpaka wanashikana mashati: boksi langu linachelewa milisekunde sita, lako kumi na moja! Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Milisekunde kumi ni kama mita tatu na nusu hivi. Jumapili kanisani mpiga ngoma yuko mbali zaidi ya hapo na besi wa mstari wa nyuma, na bado watu wanapokea sakramenti. Anayeona inamkera, maboksi mengi yana kitufe cha kubonyeza au cha kuzungusha, cha kujisikiliza moja kwa moja, sauti haipiti kompyuta kabisa. Kipo hapo mbele, kimeandikwa. Lakini kusoma kijitabu ni aibu, afadhali kushikana mashati.

Twende kwa mayai. Aaah, mayai! Huku mayai mengi yanatoka Zambia, na kila trei tupu ina bei yake. Ghafla mama wa mayai akawa anapata wateja wasiotaka mayai. Studio tatu za mtaa huu zimebandikwa trei ukutani kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, mtu akiingia anajiona kifaranga. Ukiuliza, wanakwambia zinazuia sauti. Zinazuia wapi? Mimi nakaa nyumba ya nne, najua beti zote kwa moyo. Karatasi ile nyepesi inachezea kidogo sauti nyembamba za juu, basi. Besi inaipita kama panya kwenye wavu wa samaki. Panya halisi ndio walioneemeka. Wakati godoro liko pale pale chumbani, blanketi zito liko, kabati la nguo za Jumapili liko! Imba uso ukiwa umelielekea godoro, na nyuma ya mgongo ning'iniza blanketi, uone kama ule mwangwi wa bafuni hautakimbia. Lakini godoro halipendezi kwenye picha.

Sasa la V8. Hili mniruhusu nilie kidogo kwanza. Hoo, hoo.

V8 ni kijisanduku kingine, cha bei ya maandazi ya mwezi, cha vijana wanaoongea moja kwa moja mtandaoni. Kinaunganishwa na simu, kina taa za rangi, na kina vitufe vya sauti zilizorekodiwa tayari: cha makofi, cha kucheka, na vingine vya mzaha mzaha. Kwa kazi yake ni sawa. Sasa kijana mwingine, si huyu wetu wa matundu manane, alikinunua akidhani ndiyo carte son ya studio, akatangaza mtaa mzima kwamba anarekodi. Tukafiwa na mzee mmoja mwema wa hapa. Familia ikataka wimbo wa kwaya urekodiwe pale pale kwenye kilio, ukatumwe kwa watoto walioko Ulaya. Kijana akaja na miwani ya jua. Kwaya imejipanga, wajane wamekaa chini, mwalimu amenyanyua mkono. Wimbo ukafika pale sauti zinaposhuka chini kabisa, pale ambapo hata mimi niliyemdai marehemu pesa nilikuwa nimesamehe. Kijana akapeleka kidole gumba kupunguza sauti.

Hahahahaha! Kicheko. Cha kizungu, cha watu wengi ukumbini, kwenye spika mbili.

Kwa kuogopa akabonyeza kingine. Makofi.

Kaka wa marehemu alisimama taratibu sana. Kijana hatukumwona wiki mbili. Wengine walisema yuko Mokambo, wengine walisema amevuka. Na unajua kilichoniumiza? Rekodi ilitumwa Ulaya hivyo hivyo, kwa haraka, na watoto wakajibu kwamba wameguswa sana kusikia watu walivyomshangilia baba.

Umeme nao siuanzi leo, nikiuanza hatutalala. Niseme tu kwamba ule mvumo wa mmmmm unaosikika chini ya nyimbo zote za mtaa wetu si besi. Ni hezi 50 za umeme wenyewe, zinaingia kwa chaja mbovu, kwa nyumba isiyo na waya wa ardhi, kwa waya wa gitaa mrefu uliolala juu ya waya wa pasi. Kijana alitaka kurudisha boksi Ndola akisema bovu. Mzee wa reli, yule wa sikio moja, ndiye aliyechomoa chaja ya kompyuta ukutani. Mvumo ukakata. Kimya! Tukatazamana kama wanafunzi wa Bwana baada ya dhoruba. Betri ya kompyuta ile inadumu dakika ishirini na mbili, kwa hiyo sasa nyimbo zake zote ni fupi, na ukweli zimependeza zaidi.

Wabelgiji nao wana mchango wao. Walituletea reli kwa jasho la babu zetu, wakaondoka 1960, kisha mwaka 1997 wakarudi kimyakimya na FruityLoops, hiyo FL Studio ambayo kila kijana anapikia midundo yake. Ni programu ya Ubelgiji, ndiyo. Na sijamwona hapa kijana mmoja aliyeilipia. Vijana wanasema wanarudisha deni la mpira na shaba. Mimi simo.

Mtu akiniuliza mimi achukue lipi, namwambia hesabu midomo iliyoko chumbani kwako saa tano usiku, ongeza gitaa kama ni lako. Hiyo ndiyo idadi ya matundu. Kwa wengi jibu ni mawili, na boksi la matundu mawili linapatikana kuanzia dola hamsini na kitu mpaka mia mbili hivi kwa bei za Ulaya na Marekani. Wala msiniulize tofauti kati ya la bei hii na la bei ile, kwa sababu sauti ya kuku wa jirani itaingia kwenye yote mawili kwa usawa. Hizo biti 24 zinaweza kubeba ngazi za sauti kama desibeli 144 kwa hesabu ya karatasi. Yaani boksi lina uwezo wa kusikia ukimya ambao Sakania haijawahi kuwa nao tangu 1909. Nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe, na maiki yako, na waya wa pini tatu, chomeka pale pale, imba mbele ya watu bila haya. Chenji itakayobaki nunua waya wa pili. Waya ndio unaokufa kwanza, kila mtu analijua hilo na hakuna anayenunua.

Mnadhani nimeshasema kama mtakatifu? Ngoja niungame, maana benchi lote linalijua na wataniumbua. Miaka ya themanini, mimi mwenyewe nilimtoa mbuzi jike, mwenye mimba, kwa redio-kaseti yenye taa kumi za kupanda na kushuka. Mwenye nayo aliniapia zile taa ndizo zinazosafisha sauti. Niliziangalia miezi sita. Kaseti yenyewe ilikuwa inakula utepe, nilikuwa nayo moja tu, lakini taa! Nikizima taa ya chumba nilijiona niko Kinshasa. Mke wangu mpaka kesho akisikia mbuzi analia, ananitazama.

Basi Jumamosi iliyopita kijana akatuita wote, benchi zima. Anataka kutengeneza wimbo wa wazee, sauti nane, boksi litumike lote hatimaye. Tukajikokota, tumevaa. Tukafika, tukasimama mbele ya matundu manane. Maiki bado ni ile moja. Wazee wanane tukapanga foleni mbele yake, mmoja aimbe arudi nyuma, kama malori pale barabarani, na dereva wa Dar, aliyekwisha kwenda na kurudi na mzigo mwingine, akawa anatupanga na kutudai karatasi. Zamu yangu ilipofika nilicheka, taa ikawaka nyekundu, kijana akapiga kelele: “Vieux, unaipasua!”

Wakati anapunguza, nikainama niangalie vizuri mbele ya boksi. Tundu la kwanza lina waya. La pili mpaka la tano yana vumbi. La sita limezibwa kwa udongo mwekundu, umesawazishwa vizuri kama kazi ya fundi. Nyigu amejenga. Kijana akatafuta kijiti cha kumtoa, analaani, analia kwamba garanti imekwenda. Nikamshika mkono. Mwache, mwanangu. Katika watu wote wa nyumba hii, huyo peke yake amejua tundu lile la nini.